MIGUU YA MBWA NA MIGUU YA WATOTO WETU

(Mazungumzo ya Mratibu wa Mradi katika semina ya kamati za sharika)



Katika makisio ya mwaka huu kipo kifungu kilichowashangaza baadhi yenu: glavu, sabuni na iodini kwa ajili ya mbwa. Tumeulizwa, tena kwa haki, iweje sadaka za washarika na fedha za wafadhili ziende kwenye miguu ya mbwa wakati watoto hawana viatu. Tunaomba tueleze.

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, si mwenyeji wa bara hili. Aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, kisha akasambaa hadi kwetu. Jike hujichimbia ndani ya ngozi, hunenepa kufikia ukubwa wa punje ya njegere, na mayai yake huanguka vumbini. Hachagui mguu. Binadamu, nguruwe na mbwa kwake ni mamoja. Kwa hiyo tukimtibu mtoto na kumwacha mbwa alale katika vumbi lile lile la jikoni, mtoto atapata funza wapya, na viatu havivaliwi usiku wala ndani ya nyumba.

Mbwa mwenye funza hulamba miguu mara kwa mara na kuchechemea. Mkitazama nyayo na katikati ya vidole mtaona vivimbe vyeupe vyenye kidoa cheusi. Vijidudu vikiingia katika vitundu hivyo, mguu huvimba, hutoa usaha na harufu mbaya, na kucha huweza kung'oka.

Tuanze na mdomo, maana mbwa mpole naye huuma akiumizwa. Mwenye mbwa ndiye amshike, na mdomo ufungwe kwa kitambaa kwa muda mfupi, ila si kwa mbwa anayetapika au kuhema kwa shida. Mwingine avae glavu, aoshe miguu kwa sabuni, kisha ailoweke katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Ikaushwe vizuri katikati ya vidole, kwani unyevu huleta ukungu wa ngozi. Ndipo apake iodini iliyozimuliwa kwa maji hadi iwe na rangi ya chai nyepesi, na amzuie mbwa asilambe mpaka ikauke. Kazi hii hufanywa asubuhi na jioni.

Kutoa funza kwapasa kufanywa na mtu aliyefundishwa, kwa kifaa safi. Mwiba au pini iliyotoka mguuni mwa mtoto isiende kwa mbwa, wala kwa mtoto mwingine. Pepopunda na virusi vya UKIMWI si hadithi. Mbwa akitoa usaha au asipokanyaga, aitwe afisa mifugo. Yeye ndiye atakayepima dozi ya antibayotiki kwa uzito, na dozi imalizwe hata kama uvimbe umepungua.

Tumeona oli chafu na petroli zikipakwa, na hata dawa ya kuogeshea ng'ombe bila kipimo. Mbwa huilamba yote. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kama ibuprofeni na parasetamoli, nazo zaweza kumuua.

Wako waliopendekeza mbwa wote wauawe. Hatukubaliani nao. Mayai yatabaki udongoni, nguruwe watabaki, na fisi atashukuru. Afadhali siku ya kuosha miguu iwe pia siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa mbwa watakuwa wamekwisha kusanywa. Atakayeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani, vumbi linyunyiziwe maji na kufagiliwa, na malazi ya mbwa yahamishwe mbali na jiko. Sakafu ya saruji ni bora zaidi, lakini hiyo ni gharama, na hapo ndipo tunapowaomba wafadhili watutazame tena.

Kila kamati ituletee idadi ya kaya zenye mbwa na nguruwe katika mitaa yake kabla ya kiangazi, wakati vumbi linapozidi. Glavu, sabuni na iodini zitagawiwa kwa kufuata orodha hizo.