Methali Haitaji Tarehe: Kujua Mapema Umri wa Tulichokijenga

Hotuba ya fundi sanifu mstaafu wa barabara, mzaliwa wa Kyela, katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya umoja wetu



Nimepewa dakika chache, na nimeonywa nisiwachoshe kabla ya kikapu kupita. Nitajitahidi.

Kule Rungwe, Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu. Lile ni mwamba wa volkano, na hakuna aliyewahi kuliombea bajeti. Lakini mto huohuo ukishuka huku kwetu bondeni unakutana na madaraja ya binadamu, na hayo yana umri kama binadamu mwenyewe. Ndiyo mada yangu leo: tulichokijenga kitaishi miaka mingapi, na tutajuaje kabla hakijatuangukia?

Nianze na kosa langu. Miaka iliyopita nilikuwa kwenye kamati iliyochangisha fedha za kisima cha pampu ya mkono. Tulikizindua kwa ngoma, tukapiga picha, tukaondoka. Hakuna aliyeuliza mipira ya ndani ya pampu huchakaa baada ya muda gani. Ilipochakaa, kijiji hakikuwa na mipira wala fedha ya kuinunulia. Kitu kidogo kinachotoshea kiganjani kikawarudisha mama zetu mtoni. Nilikuwa fundi, nilijua kwamba mipira huchakaa, na sikusema.

Wazee walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli tupu. Lakini methali haitaji tarehe. Haisemi ufa utaonekana mwaka gani, wala fedha ya kuuziba itoke wapi. Kazi ya makadirio ni kuiwekea methali tarehe.

Wala si uganga. Chukua barabara ya changarawe. Tuseme imekabidhiwa ikiwa na tabaka la sentimita 15. Magari huisaga, jua huigeuza vumbi, mvua huifagia. Mahali penye mvua kubwa, kupoteza sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka si ajabu. Ukipoteza 2 na nusu kila mwaka, baada ya miaka minne umebakiwa na sentimita 5, na hapo ndipo pa kuongeza changarawe. Ukingoja mwaka wa sita, unakuta udongo mtupu, na hapo hutengenezi tena, unajenga upya. Kwa hiyo siku ya kukata utepe tayari tunaweza kuandika mwaka wa matengenezo makubwa. Kisha kila mwaka tunachimba vishimo vidogo, tunapima unene kwa rula, na kurekebisha hesabu.

Jambo la hatari ni kwamba miundombinu haichakai kwa mwendo mmoja. Miaka ya mwanzo huonekana nzuri, tunasahau. Kisha inafika kona, inaporomoka kwa haraka. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa taarifa kuhusu barabara za nchi 85 zinazoendelea. Ilionesha kwamba katika miaka 20 barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea kwa kukosa matengenezo, wakati matengenezo ya kinga yasingefika dola bilioni 12. Walioshindwa kutoa shilingi moja walilipa karibu nne.

Kwetu Kyela hesabu ni kali zaidi. Tuko kwenye sahani. Maji ya milimani yanatuletea Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, yakiwa na mchanga na tope. Kalavati la zege lililojengwa vizuri laweza kuishi miaka mingi kuliko mimi, lakini likizibwa nusu na tope, mafuriko ya mwezi wa nne yatapita juu yake na pembeni yake, yatachimba tuta, na kalavati litabaki limesimama peke yake kama kaburi. Zege halikuwa na kosa, mtaro haukuzibuliwa.

Na likikatika, msiwaze gari tu. Wazeni kakao inayotakiwa kufika ghalani siku ya mnada. Wazeni mchele uliokwama. Wazeni mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku upande wa pili wa maji.

Upande mwingine, matunzo hurefusha maisha. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Ilizamishwa vitani 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na miaka ya 1970 ikabadilishiwa injini kutoka mvuke kwenda dizeli. Imevuka karne moja kwa sababu kila kizazi kilikubali kugharamia ukarabati.

Najua mtasema barabara za wilaya zina TARURA tangu 2017, na maji ya vijijini yana RUWASA tangu 2019. Ni kweli, na hatutaki kuwapokonya kazi. Lakini fedha za matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu na ya sehemu korofi hugombewa na kata nyingi. Anayekwenda na vipimo vya miaka mitatu husikilizwa kuliko anayekwenda na malalamiko.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, daftari. Kila kitu ambacho umoja huu umechangia kiandikwe: kilijengwa lini, kwa nini, kinategemewa kuishi miaka mingapi, kifaa gani kitachakaa kwanza.

Pili, ukaguzi wa kila Oktoba, kabla ya mvua, pamoja na viongozi wa vijiji na vyombo vya watumia maji. Vijana wenye simu wapige picha mahali palepale kila mwaka, tulinganishe.

Tatu, katika kila shilingi 100 tutakazochanga leo, 10 zisijenge kitu kipya. Zikae kwenye akaunti ya matengenezo.

Najua hilo la tatu ni gumu. Hakuna utepe wa kukata kwenye mtaro uliozibuliwa, wala jina la mfadhili haliandikwi kwenye mpira wa pampu. Mtakuwa mnatoa fedha ili jambo baya lisitokee, na lisipotokea hakuna atakayewashukuru. Basi mimi nawashukuru mapema, kwa niaba ya mama ambaye hatarudi mtoni.