Januari Haijafika, Panga Masomo ya Nyumbani



Wapo wazazi Wakristo wanaotamani kuwafundisha watoto wao nyumbani, ili somo na sala viende pamoja. Nia ni njema, lakini sheria tuiseme wazi: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule. Masomo ya nyumbani basi yawe ya jioni, Jumamosi na likizo.

Tumia Desemba kupanga. Mtaala umebadilika tangu 2024, kwa hiyo madaftari ya kaka mtu yasikudanganye. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao yake. Simu ya baba yatosha.

Kwa Neno la Mungu, anzeni na kitabu cha Mithali. Kina sura 31, na Januari ina siku 31: sura moja kila jioni, mtoto asome kwa sauti, mama asahihishe matamshi. Hapo Kiswahili nacho kimefundishwa. Kwa hesabu, mpeleke soko la Mbuyuni hapa Moshi: mpe shilingi 5,000, anunue nyanya na vitunguu, arudishe chenji na maelezo. Akikosea, msimfokee mbele ya muuza nyanya!

Saa moja kwa siku inatosha. Jumapili, zaidi ya sura ya Mithali, mwacheni apumzike baada ya ibada.

Mzazi, kama mwanao hajaandikishwa, nenda shule ya msingi iliyo karibu nawe wiki hii, na cheti chake cha kuzaliwa mkononi.