Jembe na Gobore: Kazi ya Mikono ya Mhunzi



Ndugu viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na waamini wapendwa wa Nyamigogo,

Nimeombwa niseme juu ya silaha za kale zinazoundwa upya. Huko ng'ambo jambo hili ni biashara halali. Mwaka 1959, huko Gardone Val Trompia nchini Italia, Aldo Uberti alianza kuunda upya bastola ya Colt ya mwaka 1851, iliyotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wanunuzi huitunza kama kumbukumbu, au hushindana nayo kulenga shabaha.

Hapa kwetu silaha ya kale inayofufuliwa ni gobore. Bunduki za kushindilia baruti mdomoni zililetwa bara na misafara ya pwani katika karne ya 19. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, lakini yakaacha mwanya kwa zile za kale za gumegume. Mkataba ule umepita. Umbo la bunduki limebaki mikononi mwa mafundi: bomba la maji, kitako cha mti, baruti na vipande vya chuma.

Wako wasemao, "Hiki ni kitu cha mababu, cha kufukuzia nguruwe shambani." Tusijidanganye. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Laweza kumpasukia usoni mwenye nalo. Tena halina namba ya kiwanda, hivyo damu ikimwagika ni vigumu kumjua wa kuulizwa. Na sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuunda silaha bila leseni.

Sisi wa mpakani twapaswa kujua zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakiikimbia Rwanda. Pale mpakani yakabaki marundo ya mapanga. Panga ni chombo cha shamba, nalo liliua. Sembuse gobore, ambalo tangu mwanzo limeundwa kwa ajili ya kuua?

Hata hivyo tusimlaani mhunzi. Warongo wa nchi ya Buzinza, jirani zetu, walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Ufundi ni kipaji cha Mungu. Anayekosa kazi ya jembe hushawishika kupokea kazi ya gobore. Nabii Isaya aliposema juu ya panga kufuliwa kuwa majembe, alimhitaji mhunzi, hakumfukuza.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwenye gobore nyumbani alisalimishe. Serikali imekwisha kutangaza vipindi vya msamaha zaidi ya mara moja. Anayeogopa kwenda peke yake, kiongozi wa jumuiya amsindikize. Pili, tumpelekee mhunzi wetu kazi: majembe, bawaba, milango, na tumlipe kwa wakati. Tatu, wanaoharibiwa mazao na wanyama wasiachwe wajitetee kwa baruti. Tuandike pamoja malalamiko yao, tuyafikishe kwa serikali ya kijiji na kuyafuatilia hadi yajibiwe.

Amani haiji kwa kunyang'anyana silaha tu. Huja pale jirani anapoona kwamba hana haja nayo tena.

Kristo, Mfalme wa Amani, atubariki sote. Amina.