Chura wa Kihansi na Nafasi za Utafiti wa Jenetiki

Chura wa Kihansi hazai kwa kutaga mayai bali huzaa vitoto hai, na asili yake duniani kote ni korongo moja tu katika milima ya Udzungwa, Tanzania. Mradi wa umeme ulipopunguza maji ya maporomoko ya korongo hilo mwaka 2000, manyunyu aliyoyategemea yalikatika. Baadaye ukaonekana pia ugonjwa wa kuvu wa ngozi. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Kizazi kilisalia kwa vyura wapatao 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani, na mwaka 2012 urejeshaji korongoni ulianza.

Hapo jenetiki ina kazi kubwa. Ukoo unaotokana na wazazi wachache hupoteza tofauti za vinasaba, na pamoja nazo uwezo wa kuhimili maradhi. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kupima tofauti hizo kwa sampuli za ngozi zinazochukuliwa kwa pamba, bila kumjeruhi chura. Wa uzamivu anaweza kuchunguza kinga dhidi ya kuvu. Mtafiti aliyekwisha kuhitimu uzamivu, jenomu nzima.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuwafuga vyura hawa. Mwenye nia atafute msimamizi kwanza. Kibali cha utafiti huombwa Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH).