Kumsindikiza Mgonjwa

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali ya Serikali. Nitaeleza kosa moja nililolifanya kazini, maana lilinifundisha kuliko shahada yangu ya Chuo Kikuu.

Mwenzetu mmoja, niliyekaa naye dawati moja hapa (wa mwaka wetu watamjua, jina nalihifadhi), aliletwa wodini na jipu kubwa la paja lililotokana na sindano. Alikuwa mraibu wa heroini, ile ambayo nyinyi vijana mnaiita unga. Siku ya pili akaanza kutetemeka, kutapika, kutoka jasho na kuumwa viungo vyote. Hiyo ndiyo arosto. Wodini wakamwona mkorofi. Akavumilia wiki tatu, jipu likapona, akaruhusiwa. Nikamwandikia barua safi ya rufaa kwenda kliniki ya methadoni, nikapiga mhuri, nikafunga jalada.

Hakufika. Siku ya nne alikutwa amekufa nyuma ya kituo cha mabasi, barua yangu ikiwa mfukoni, haijafunguliwa. Daktari alinieleza kwamba mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hupoteza mazoea, hata kipimo kile kile cha zamani kikaweza kumkata mtu pumzi. Kumbe siku zile za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo za hatari, nami ndizo nilizomwacha peke yake.

Methadoni yenyewe ni dawa ya kunywa, humezwa mbele ya mhudumu, na dozi moja huzuia arosto mchana na usiku, mtu akaweza kufanya kazi. Serikali ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012, kisha Temeke, na sasa ipo hata Mbeya, Mwanza na Dodoma. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha unga kwa unga. Mbona mwenye kisukari anayejidunga insulini kila siku hatumcheki? Tatizo lililobaki ni kufika. Anayeanza tiba hutakiwa kliniki kila siku, na barua haina nauli.

Siku hizi siandiki barua tu. Mgonjwa akiwa bado kitandani, namwita mwelimishaji rika, yaani mtu aliyewahi kutumia unga akaacha, aje wakae wazungumze. Huyo anaijua arosto, mimi nimeisoma tu. Siku ya kuruhusiwa wanatoka pamoja, moja kwa moja hadi dirisha la dawa, bila kupitia nyumbani wala maskani. Ndugu yake mmoja hupewa ratiba. Siku ya tatu napiga simu, na ya saba tena.

Si wote wanaodumu. Mmoja alichukua nauli akapotea miezi miwili. Aliporudi nilimwandikisha upya, na nikamfokea pia, nakiri.

Ndugu Mwenyekiti, naomba chama chetu kitenge fedha kidogo za nauli ya mwezi wa kwanza kwa wagonjwa wa namna hii. Wanaoishi karibu na kliniki na wako tayari kusindikiza, daftari liko kwa Katibu.