Kabla Hatujamwita Mtoto Mzito: Lugha ya Nyumbani na Huduma za Msaada katika Shule za Kimataifa



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine. Nimeuweka kando baada ya kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya kimataifa. Msimamizi wa kitengo cha msaada wa kujifunza alisimama akawapa ushauri mmoja wazazi wote ambao watoto wao wamebaki nyuma: nyumbani ongeeni Kiingereza tu, Kiswahili kitakuja chenyewe. Wazazi wakaandika. Mama aliyeketi mbele yangu akauliza kwa sauti ya chini, “Na bibi yake je, asiyejua Kiingereza?” Akajibiwa kwamba bibi naye ana nafasi ya kujifunza.

Chimbuko la shule hizi mnalijua: Geneva mwaka 1924, kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa, Dar es Salaam mwaka 1963, Moshi mwaka 1969. Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi nalo mmelisoma. Nayapita hayo, kwa sababu swali la yule mama halijajibiwa.

Ushauri ule unachukulia kichwa cha mtoto kuwa debe: Kiswahili kikijaa, Kiingereza kinakosa pa kuingia. Hebu tutazame kinachoingia humo. Mtoto aliyeelewa kwa bibi yake maana ya “kwa sababu”, “ingawa” na “lau ningejua” ameshajifunza kufikiri kwa sababu, kwa kinyume na kwa sharti. Hafundishwi upya mambo hayo akifika darasani; anapewa maneno mengine ya kuyasemea. Sasa mwambie mzazi wake aache Kiswahili. Mzazi huyo Kiingereza chake ni cha ofisini, na akifika nyumbani amechoka kinabaki cha amri: kaa, kula, haraka, kalale. Hadithi zinakoma. Mabishano ya mezani yanakoma. Mtoto akiuliza “kwa nini?” anajibiwa kwa maneno matatu. Muhula unaofuata, kitengo kinapokea mtoto mwenye lugha pungufu kuliko awali, na kinaandika kwamba tatizo limezidi.

Kazi niliyoisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika uwanja huu ni ya Jim Cummins, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Toronto. Mwaka 1979 alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Kisha, kwa takwimu za watoto wahamiaji wa Toronto, alionyesha kwamba ile ya kwanza hupatikana kwa takriban miaka 2, na ya pili huchukua miaka 5 hadi 7. Lakini kitabu ninachokirudia ni cha 1984, alichokiandika baada ya kuchambua mafaili zaidi ya 400 ya watoto waliopelekwa kupimwa na wanasaikolojia katika mji mmoja wa magharibi mwa Kanada. Ni usomaji wa kuumiza. Faili baada ya faili, mtoto anaongea Kiingereza vizuri uwanjani, mpimaji anaridhika kwamba lugha si kikwazo, anampa mtihani wa maneno kwa Kiingereza, mtoto anaanguka, na anguko linaandikwa kuwa ni la akili. Yumo mtoto wa darasa la kwanza, anayetajwa kwa herufi mbili tu. Alama zake za maneno zilikuwa chini kabisa. Katika maumbo na picha hakuwa na upungufu wowote. Pengo hilo lilikuwa linapiga kelele, na mpimaji hakulisikia.

Nililisikia kwa sababu lilikuwa limeshapita nyumbani kwetu. Mpwa wangu alipokuwa na miaka 7 aliletewa ripoti kwamba kumbukumbu yake ya namba ni dhaifu. Alisomewa mifuatano ya tarakimu kwa Kiingereza akashindwa kuirudia. Jioni ile alikuwa barazani akicheza bao na babu yake, ambaye ni baba yangu. Mashimo 32, kete 64, na mtoto alikuwa anaona mtaji kabla hajashika kete, akijua atakapoishia. Baba aliisoma ripoti kimya. Kisha akamtajia mpwa wangu namba, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili. Mtoto akazirudisha zote.

Mtoto mmoja si utafiti, najua. Najua pia kwamba disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika, haichagui lugha, na kwamba ripoti ya Warnock ya Uingereza ya 1978 ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watano huenda akahitaji msaada maalumu wakati fulani wa masomo yake. Kumwacha mtoto mwenye shida ya kweli miaka mitatu kwa kisingizio cha “lugha itakuja” ni dhuluma nyingine. Ila shida ya kweli hujitokeza katika lugha zote mbili za mtoto. Bila kumsikiliza katika lugha ya nyumbani utajuaje?

Naambiwa shule hizi zina lugha nyingi mno, na vipimo vilivyosanifiwa kwa Kiswahili ni haba. Ni kweli. Hata hivyo msikilizaji yumo humo humo shuleni: msaidizi wa darasa, yule ambaye watoto humwita anti. Anamfunga mtoto kamba za viatu, anasuluhisha ugomvi wa mpira, anamsikia akisimulia, akidanganya, akijitetea kwa Kiswahili. Kikao cha kuamua hatima ya mtoto kikianza, yeye hutumwa kupanga viti. Nimepima hoja zote za upande wa pili, na bado nasimama hapa: kitengo kisicho na mtu wa lugha ya mtoto mezani hakijampima mtoto huyo.

Mpwa wangu sasa ana miaka 11. Kila Ijumaa humweleza babu yake kwa Kiswahili aliyoyasoma wiki nzima. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mzunguko wa maji, na mzee alimrudisha mara mbili kwenye mvuke, kwa kuwa hakuridhika na maelezo.