Sungura Mwenye Saa

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani



Mkutano huu utaamua jinsi ya kutumia fedha tulizochanga kwa ajili ya maktaba. Yapo mapendekezo kwamba zote zinunulie vitabu vya mitihani. Nimeomba dakika chache nitetee vitabu vya hadithi, na shahidi wangu ni kimoja tu, tena cha watoto.

Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford, alipiga makasia katika mto Thames pamoja na rafiki yake na mabinti watatu wa mkuu wa chuo. Mmoja wao, Alice, alikuwa na umri wa miaka 10. Watoto walitaka hadithi, naye akawatungia ile ya msichana aliyemfuata sungura hata akatumbukia shimoni. Alice akamsihi aiandike. Mwaka 1865 ikatoka kitabuni kwa jina la Lewis Carroll, ikiwa na michoro 42 ya John Tenniel, na hadi leo ingali inasomwa.

Kwetu pia ilifika. Mwaka 1940 ilichapwa London tafsiri iitwayo Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Kwa nini hadithi hii haizeeki? Wengi watasema ni kwa sababu inachekesha. Lakini vichekesho ndivyo vinavyozeeka upesi. Nadhani siri yake tutaiona tukimtazama yule sungura.

Sisi tulilelewa na Sungura mwingine, mdogo wa mwili, mkubwa wa akili, asiyebabaishwa na Simba wala Fisi. Sungura wa Carroll amevaa koti, ana saa mfukoni, na anakimbia huku akitetemeka asije akachelewa kwa wakubwa wake. Huyu ni karani mwenye hofu! Basi nafasi ya Sungura wetu, ya mdogo anayewakabili wakubwa kwa akili, kaichukua nani? Kaichukua mtoto.

Alice amefundishwa kukariri, lakini huko chini kila shairi analojaribu kulisema linamgeukia kinywani. Aliyoyakariri hayamfai kitu. Linalomfaa ni kuuliza. Anafika kwenye karamu ya chai ambako siku zote ni saa kumi na mbili. Wenyeji wake wanamtegea kitendawili, kisha wanakiri kwamba hata wao hawana jibu lake. Anawaambia kuwa wangeweza kuutumia wakati kwa jambo la maana zaidi. Mwishoni yuko mahakamani, na Malkia wa Kopa anataka adhabu itajwe kabla ya hatia kuamuliwa. Watu wazima wote wamenyamaza. Mtoto ndiye anayesema kwamba huo ni upuuzi, na kwamba wanaomtisha ni karata tupu.

Najua wazee wenzangu watauliza: je, hatutalea watoto wajeuri? Kisomeni tena. Alice ana adabu tangu mwanzo. Akimtaja paka mbele ya panya, anaomba radhi. Anachokataa ni neno lisilo na maana, hata likitoka kwenye kiti cha enzi. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtu wa mantiki. Mwaka 1896 alitoa kitabu kizima juu ya somo hilo. Alijua kwamba heshima na akili vyaweza kukaa katika kichwa kimoja.

Ndugu zangu, mtihani humfundisha kijana kujibu maswali ya mtu mwingine. Ni jambo jema, na bila hilo wengi wetu tusingekuwa hapa. Lakini kuuliza atajifunza wapi? Nimekaa katika mikutano mingi ya kazi ambamo jambo lisilo na kichwa wala miguu lilisemwa na mkubwa, na watu wenye shahada wakatikisa vichwa kukubali. Wote walikuwa wamefaulu mitihani.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika kila vitabu kumi tutakavyonunua, vitatu viwe vya hadithi, vya Kiswahili na vya Kiingereza, kuanzia Abunuwasi hadi Alisi. Nanyi wanafunzi, vikifika, msiviache vikae kabatini vikiota vumbi. Visomeni, mcheke, kisha mwulizeni mwalimu wenu swali moja ambalo halimo katika mtihani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.